Hili nilitie fungu gani?

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Jumapili jioni, watoto wako juu, na nje ile mvua ya Leicester isiyonyesha wala isiyoacha. Kitandani palikuwa na mafungu manne kama kawaida: lake, langu, la binti, la mvulana. Taulo zina fungu lao pembeni. Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, napatanisha soksi.

Akafika kwenye gauni la kijani.

Analijua. Huu ni mwaka wa pili tangu nimwambie kwamba ni langu. Lakini siku zote huwa nalifua mwenyewe usiku, nalianika mwenyewe, nalirudisha kwenye begi lake juu ya kabati. Safari hii nilisahau, likaingia mashineni pamoja na sare za shule. Akalishika mabegani, akalinyoosha, akalitazama, kisha akayatazama yale mafungu moja moja.

"Hili nilitie fungu gani?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa hajui kweli.

Nikasema lete nilichukue. Hakunipa. Akaniita babake fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, aniitavyo akiwa na neno zito.

"Hii ni hobi, ama ndiyo wewe?"

"Hobi tu," nikajibu.

"Haya."

Akaliweka juu ya taulo.

Haya

Kiswahili kina "haya" nyingi. Kuna ya kukubali, kuna ya kumhimiza mtu aondoke, na kuna ile ya soni. Wiki sita nimeizungusha ile yake kichwani na bado sijui ilikuwa ipi.

Ninachojua ni kwa nini nilisema hobi. Ni jibu rahisi kulilipia. Hobi ina siku yake na saa zake, na mke akisema achana nayo, inakula pesa, mtu hununa siku mbili akaacha. Nilimpa mke wangu jibu lenye mlango wa kutokea, nikahakikisha ameuona mlango.

Halafu usiku nikalala macho, kwa sababu hobi nimewahi kuwa nayo. Naijua ilivyo.

Goti

Miaka minane nilicheza mpira kila Jumamosi asubuhi, sisi Wakenya, Wasomali na Wakongomani wawili watatu waliokuwa wakitudhalilisha kwa chenga. Mwaka 2017 goti likagoma. Daktari akasema basi. Niliumia, nisiseme uongo. Miezi kadhaa nilikuwa nakwenda kusimama pembeni ya kiwanja na kikombe cha chai. Kisha nikaacha kwenda. Leo ukiniuliza viatu vyangu vya mpira viko wapi sina habari.

Magauni nimeyatupa mara tatu.

La kwanza nililinunua Kongowea, Mombasa, kwenye mitumba, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikamwambia muuzaji ni la dada yangu. Akanipima kwa macho. "Dadako ana mabega," akasema, akacheka, akanifungia kwenye gazeti. Nililivaa mara nne, mlango umefungwa kwa komeo, redio juu. Mara ya tano nilijichukia, nikapanda feri ya Likoni usiku, nikalitupa. Nilidhani litazama. Likatanuka juu ya maji kama mtu aliyelala chali, taa za feri zikilimulika, na nikasimama pale nikiomba asitokee mtu akapiga kelele kwamba kuna mwanamke ameanguka baharini.

La pili nililichoma Nairobi, wiki moja kabla ya harusi. Poliesta haiungui kama pamba, inayeyuka. Jiko lile halikutumika tena.

La tatu nililitia kwenye mfuko wa msaada hapahapa Leicester, binti yetu alipozaliwa, maana nilijiambia sasa mimi ni baba. Wiki mbili baadaye nikapita mbele ya duka la mitumba la wale watu wa msaada. Gauni langu liko dirishani, limevalishwa sanamu isiyo na kichwa, pauni sita.

Nikaingia nikalinunua tena.

Ndilo hili la kijani. Na ndiyo maana sikulala: viatu vya mpira sijawahi kuvinunua mara mbili.

Msomaji atataka kujua nafanya nini nikilivaa. Utavunjika moyo. Natia chai kikombeni. Nakaa. Nasoma. Zamani, ujanani, palikuwa na msisimko mwingine, sitakana, lakini ule ulikwisha kama chunusi. Kilichobaki ni utulivu. Mabega yanashuka, pumzi inafika chini. Saa mbili zikipita nalivua, navaa fulana, naenda kutoa takataka, na yule anayetoa takataka pia ni mimi, wala hana huzuni. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ingekuwa rahisi kama mmoja wetu angekuwa bandia.

Neno halipo

Nilijaribu kuliandika hili kwa Kiswahili kwanza kabisa, kwenye daftari, nikakwama mstari wa kwanza. Sisi hatuna neno. Tunayo matusi, na kila tusi linazungumzia kitanda. Hakuna hata moja linalozungumzia nguo. Hata "shoga", ambalo kwetu pwani wanawake huitana kwa mapenzi, "njoo shoga yangu", likimgeukia mwanamume linageuka kisu.

Mimi sijawahi kumtamani mwanamume. Silisemi hili kwa kujitakasa, wenye kutamani wana mambo yao na Mola wao. Nalisema kwa sababu lugha yangu hainipi nafasi ya kuwa kitu kingine.

Wazungu nao hawakuwa nayo nafasi hiyo mpaka daktari mmoja wa Berlin, Magnus Hirschfeld, alipochapisha kitabu mwaka 1910 akiwatenganisha watu wa namna hii na habari ya nani analala na nani. Alikuta wengi wao ni waume wa watu. Polisi wa Berlin walifikia hatua ya kutoa vibali, cheti mfukoni, kwamba mwenye karatasi hii anajulikana kuvaa nguo za jinsi nyingine na asisumbuliwe. Mwaka 1933 Wanazi waliivamia taasisi yake na vitabu vikachomwa uwanjani.

Nikiwa na cheti kama kile, nadhani ningekionyesha kwa mtu mmoja tu.

Mke mwenye duka la mawigi

Kuna picha ambazo nimezitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Ziliokotwa kwenye gulio la vitu vilivyotumika huko Manhattan, zikachapishwa mwaka 2005. Ni za nyumba iliyokuwa milima ya Catskills, jimbo la New York, miaka ya hamsini mwishoni na sitini, ikiitwa Casa Susanna. Waume wa watu, wenye kazi na watoto, walikuwa wakienda huko wikendi, wanavua suti, wanavaa magauni. Kisha wanafanya nini? Wanapika. Wanacheza Scrabble. Wanakaa kibarazani wamekunja miguu vizuri na mkoba pajani, kama mashangazi waliosubiri gari la harusi.

Nilipoziona nilicheka hadi machozi, maana nilidhani ni mimi peke yangu duniani ninayevaa gauni ili kunywa chai.

Lakini anayenivuta zaidi si wao. Ni Marie, mke wa yule aliyejiita Susanna. Alikuwa na duka la mawigi New York, na nyumba ile waliiendesha pamoja. Nimejiuliza Marie alikuwa akilala na swali gani. Je, naye aliwahi kusimama na gauni mkononi, hajui alitie fungu gani? Au aliliuliza siku moja, akajibiwa uongo mdogo kama wangu, akasema haya?

Maana jambo la kutisha ni hili: watu wale wale, kibaraza kile kile, hawakuishia mahali pamoja. Wapo waliorudi kwa wake zao wakazeeka na siri yao. Wapo walioishia kuishi kama wanawake moja kwa moja. Virginia Prince wa Los Angeles, aliyeanzisha jarida la watu hawa mwaka 1960 na kushikilia kwamba wao ni wanaume, waume wa watu, wanaopenda wanawake na wanapenda tu kuvaa, mwenyewe kuanzia mwaka 1968 aliishi kama mwanamke mpaka alipofariki 2009.

Kwenye picha huwezi kumjua atakayerudi na asiyerudi.

Mzaliwa wa Aden

Mke wangu anamjua Eddie Izzard, mchekeshaji. Mimi ndiye niliyemwonyesha, kwa ujinga wangu, ile siku ya kwanza, ili aone kwamba ni jambo la kawaida. Alizaliwa Aden, 1962, bandari ambayo majahazi yetu yaliijua kabla Waingereza hawajaijua. Miaka mingi Izzard alisimama jukwaani na rangi ya mdomo, na alipoulizwa mbona unavaa nguo za kike, alijibu kwa maana hii: si za kike, ni zangu, nimezinunua.

Nalipenda jibu hilo. Wazee wetu wanasema nguo ya kuazima haistiri maungo. Hili langu sikuliazima, nimelilipia mara mbili.

Mwaka 2009 Izzard huyo alikimbia marathoni 43 ndani ya siku 51, na sikumbuki mtu akimwuliza kama kukimbia ni hobi ama ndiye yeye.

Mwaka 2020 akaanza kutajwa kwa kiwakilishi cha kike, na 2023 akajiongezea jina la Suzy. Magazeti ya Kiingereza yalihangaika na viwakilishi, huku mimi nikiwaza kwamba kwa Kiswahili hakuna kilichobadilika: alikuwa "yeye" na amebaki "yeye". Lakini mke wangu alisoma habari ile ile akaelewa kitu kingine. Hakusema. Usiku ule aliuliza tu, taa zimezimwa, "Yule mchekeshaji wako ameoa?"

Ndiyo nikajua hofu yake ilivyo. Gauni lenyewe halimwogopeshi, analiona kama pazia. Anaogopa kwamba ni ngazi ya kwanza, na kwamba mimi najua zipo ngapi.

Ningeweza kumtajia Grayson Perry, mfinyanzi, aliyepokea tuzo ya sanaa ya Turner 2003 akiwa na gauni, ambaye kwa miongo amevaa na kuvua na kubaki mume wa mkewe. Sikumtaja. Mifano ya watu haithibitishi kitu. Ukitafuta wa kukutuliza utampata, na wa kukutia hofu utampata.

Hoja zangu na suruali yake

Kwa hiyo nikafanya kama wakili, nikakusanya hoja nyingine.

Nikamwambia kuhusu kikoi. Kiangazi changu cha kwanza hapa nilitoka na pipa la taka asubuhi, kikoi kiunoni, na jirani mzee akaniuliza kwa adabu kama naenda kwenye sherehe. Kwa macho ya mtaa ule nilikuwa nimevaa sketi, nami sijawahi kuvaa kiume kuliko siku ile. Nikamkumbusha babu yangu, aliyelala na leso ya bibi kiunoni maisha yake yote. Nikamtajia Wanandi wa zamani, ambao wavulana wao walivalishwa mavazi na mapambo ya wasichana wakati wa jando, njiani kuelekea uanaume. Nikamtajia Operesheni Vijana ya Tanzania mwaka 1969, vijana wa TANU wakiwaandama wasichana wa Dar es Salaam kwa sababu ya sketi fupi na mawigi, kana kwamba taifa lingemong'onyoka kwa nywele za bandia. Nikamtajia amri ya Paris ya mwaka 1800, iliyomtaka mwanamke apate kibali cha polisi kabla ya kuvaa suruali, iliyotangazwa kuwa haina nguvu 2013.

Nikamaliza na wachekeshaji wetu, Joti na Flaqo. Mwanamume akivaa gauni kuchekesha, nikasema, watu wanashika mbavu. Akilivaa kimya, asitake kumchekesha mtu, ndipo maswali yanapoanza.

Nilijiona nimesema.

Alikuwa anakata vitunguu, na suruali yake ya kazini. Hakugeuka.

"Mimi nikivaa suruali hii sihisi kitu," akasema. "Naivaa, naivua. Kesho kazini wakisema tuvae dera, nitavaa dera. Wewe unahisi. Sikukuuliza habari za nguo."

Akaendelea na vitunguu.

Hoja zangu zote zilikuwa za kweli na hazikuwa na kazi. Zinaonyesha kwamba nguo haina jinsia, na kama nguo haina jinsia basi kwa nini hili la kijani, na si pazia, ndilo linalonishusha mabega? Nilikuwa nimejitetea kwa kosa ambalo hakunishitaki.

Kijaluba cha bibi

Kilichonifungua ni kazi ya shule ya mpwa wangu. Dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Mombasa: mtoto ana insha, "Uraibu Wangu", amekwama, mjomba msaidie. Nikamtungia aya mbili za mpira. Ndiyo, mpira.

Jioni ileile nasoma gazeti la nyumbani, kichwa cha habari kinasema vijana wa pwani wanaangamia kwa uraibu. Wa dawa, bila shaka.

Neno lilelile. Mtoto wa shule analiandikia insha, na mamlaka inalifungulia kituo cha tiba. Nimelitumia maisha yangu yote bila kuona kwamba Kiswahili hakikutofautisha kile unachokifanya kwa raha yako na kile ambacho huwezi kukiacha.

Kisha nikakumbuka nilikolisikia mwanzo. Bibi, Mji wa Kale, amekaa barazani na kijaluba chake cha tambuu. "Uraibu umekwisha," anasema, na mmoja wetu anakimbia dukani. Uraibu kwake ulikuwa kile kinachoandamana na tambuu: popoo, chokaa, tumbaku. Kitu cha kutia mdomoni tu. Chakula si chakula, hakuna aliyekufa kwa kukikosa. Ramadhani alikiweka kando alfajiri mpaka magharibi na hakulalamika.

Mimi pia Ramadhani silivai, tena mwezi mzima, mchana na usiku. Dini yangu naijua, na hadithi ya Mtume mtakayoniandikia nimeisikia kabla hamjazaliwa baadhi yenu. Sina fatwa ya kuijibu. Nasali nayo.

Lakini bibi. Hakuna picha yake kichwani mwangu isiyo na mdomo mwekundu. Alipofariki, shangazi aliyekuwamo kwenye kumwosha alitoka akasema wekundu haukutoka.

Je, tambuu ilikuwa hobi yake?

Ukimwuliza angekutemea mate.

Jumapili nyingine

Majuma mawili yaliyopita nilimwambia mke wangu kwamba nilimdanganya. Tulikuwa kitandani tena, kati ya mafungu. Nikasema si hobi. Nikasema pia sijioni mwanamke, sijawahi, na nimejitafuta vizuri kwa sababu nilijua ataniuliza. Nikamwambia ni kama uraibu wa bibi, nikamweleza kijaluba na yote.

"Bibi yako meno yalimwoza," akasema.

Nikanyamaza.

"Na kesho?"

Kesho siijui. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, kwa sababu nilikuwa nimejaribu jibu zuri zaidi nikaona linanuka uongo kama la kwanza. Nikasema ninayo miaka ishirini na nane nyuma yangu, mara tatu za kutupa, na katika miaka hiyo sijatamani kutoka nje ya mlango wa chumba. Hiyo ndiyo yote ninayoweza kumwapia. Alilia kidogo. Mimi pia. Kisha binti akaita kutoka juu kwamba Wi-Fi imekatika, tukafuta nyuso, mmoja akaenda.

Aliporudi alilichukua lile gauni. Nilidhani atalirudisha juu ya taulo. Akalikunja vizuri, mikono ndani, kama anavyokunja madera yake, akaliweka kwenye fungu langu, kati ya fulana na kikoi.

Akasimama akalitazama tena pale lilipo.

"Lakini kijani hiki," akasema, "kwa weusi wako huo, nani alikudanganya?"